Msumeno wa Milei si Falsafa ya Ayn Rand

Tarehe 20 Februari 2025, katika mkutano wa wahafidhina wa Marekani uliofanyika nje kidogo ya Washington, Rais Javier Milei wa Argentina alimkabidhi Elon Musk msumeno wa mashine jukwaani. Musk aliunyanyua juu na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ilikuwa ishara ya kukata matumizi ya serikali, na kazi ya kukata ilikuwa imekwisha kuanza. Shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, lilikuwa linavunjwavunjwa, na ilipofika Julai 1 mwaka huohuo likafungwa rasmi, mabaki ya miradi yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Huku kwetu pigo lilitua kliniki. Washauri nasaha, waingiza takwimu na madereva wa miradi ya UKIMWI waliambiwa ghafla wasije kazini. Katika kutafuta chanzo cha haya yote, wachambuzi wengi wamemnyooshea kidole mwandishi aliyefariki tangu mwaka 1982: Ayn Rand, mwanamke aliyefundisha kwamba mtu aishi kwa akili yake na kwa maslahi yake mwenyewe. Hoja yao ni kwamba matajiri na wanasiasa wa aina hii walimsoma ujanani, na sasa wanatenda alichowafundisha.

Jina hilohilo limeingia kwenye mitandao yetu kwa mlango mwingine. Wahamasishaji wa mafanikio wanamtaja pembeni ya mafunzo ya kuweka akiba na kuanzisha biashara, na vijana wanatumiana vinukuu vyake kana kwamba wamepata cheti cha kuwazimia simu ndugu. Kwa hawa, Rand amethibitisha kisomi kile ambacho tayari walitaka kusikia: kwamba kila mtu abebe msalaba wake. Kundi la kwanza linamlaani na la pili linamsifu, lakini yote mawili yanamsoma kwa namna moja, kama mwalimu wa kuwapanda wengine mgongoni.

Nadhani yamekosea. Sehemu kubwa ya yale yanayofanywa leo na wenye msumeno ingelaaniwa na falsafa hiyo kwa kanuni zake yenyewe, tena kwa ukali kuliko wanavyolaani wapinzani wao wa mrengo wa kushoto. Shutuma inayosikika zaidi, kwamba Rand alihubiri ukatili, haimfikii kabisa. Udhaifu wake halisi uko mahali pengine: hana hesabu ya deni ambalo mtu analikuta mgongoni kabla akili yake haijakomaa kiasi cha kuchagua lolote. Mjadala ukibaki kwenye ukatili, hatutaweza kumjibu Rand, na hatutajifunza kwake hata pale alipoona sawasawa.

Alizaliwa mwaka 1905 St. Petersburg, Urusi, kwa jina la Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, na Wabolsheviki walipochukua madaraka duka hilo lilitaifishwa mbele ya macho ya familia. Alisoma historia katika chuo kikuu cha mji huo, akahitimu mwaka 1924, akaondoka kwenda Marekani mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka 21. Alianzia Hollywood akiigiza kama mpita njia na kusoma miswada ya filamu, na umaarufu ukaja na riwaya mbili nene: ya 1943 kuhusu msanifu majengo asiyekubali kuchorewa michoro yake na kamati, na *Atlas Shrugged* ya mwaka 1957. Kabla ya hii ya pili kutoka, kwenye kikao cha wauzaji wa kampuni iliyoichapisha, mmoja wao alimuuliza kama angeweza kueleza falsafa yake yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Alisimama kwa mguu mmoja na kuitaja kwa hatua nne: katika metafizikia, uhalisia ulio nje ya matakwa yetu, katika elimu ya maarifa, akili, katika maadili, maslahi binafsi, katika siasa, ubepari. Mfumo huo aliuita Objektivizimu.

Mpangilio wa hatua hizo una maana, na wanaomnukuu mitandaoni hurukia ya tatu bila kupita ya kwanza. Kwa Rand, dunia iko jinsi ilivyo, upende usipende. Mchele ulioisha stoo haurudi kwa sababu mkuu wa ghala ameandika kwamba upo. Kwa kuwa dunia haibembelezwi, chombo pekee cha kuijua ni akili inayoanzia kwenye milango ya fahamu na kujenga hoja hatua kwa hatua. Hisia, ufunuo, mila na kura za walio wengi hazimtoshi mtu kama ushahidi. Hapo ndipo yanapochomoza maadili. Mmea hugeukia jua bila kufundishwa, na mnyama huzaliwa na silika ya kutafuta malisho, lakini binadamu hazaliwi akijua cha kula wala namna ya kukilima, hivyo lazima afikiri, na kufikiri ni jambo la kuchagua. Maisha ya mtu, maisha ya kiumbe mwenye akili kwa urefu wake wote, ndiyo yanayokuwa kipimo cha jema na baya. Kutokana na kipimo hicho alitaja fadhila saba: kutumia akili, kujitegemea kifikra, msimamo, ukweli, haki, uzalishaji na fahari ya nafsi. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona haina nafasi ya mlaghai, mvivu wala chawa wa mkubwa.

Msomaji wetu akisikia maslahi binafsi anapata picha ya mtu anayekula peke yake gizani. Rand alikuwa na mtu mwingine akilini. Mhusika mkuu wa *Atlas Shrugged* anaapa kwamba hataishi kwa ajili ya mtu mwingine na hatamtaka mtu mwingine aishi kwa ajili yake. Watu wananukuu nusu ya kwanza tu, na bila nusu ya pili kiapo hicho ni cha mnyang'anyi. Mahusiano halali ya watu wazima, kwa maoni yake, ni ya kubadilishana thamani kwa thamani kwa hiari, iwe ni sokoni, katika urafiki au katika mapenzi. Mume anayetumia akiba yake yote kumtibu mke anayempenda hajajitoa mhanga, kwa sababu mke huyo ana thamani kwake kuliko fedha. Kumsaidia mgeni aliyepatwa na janga hakuoni kosa, na katika insha ya mwaka 1963 kuhusu dharura aliandika kwamba ni sahihi kumwokoa anayezama kama hatari kwako si kubwa. Anachokataa ni kwamba shida ya mtu, kwa kuwa tu ni shida, inampa hati ya kumiliki maisha ya mwenzake.

Kwa msingi huo siasa yake inakuwa na sharti moja kubwa: asiwepo mtu wa kuanza kutumia nguvu dhidi ya mwingine, na serikali ndiyo ya kwanza kuzuiwa. Serikali ibaki na polisi, jeshi na mahakama. Sharti hilo linawabana matajiri kama linavyowabana makabwela, na katika *Atlas Shrugged* waovu wakubwa si wafanyakazi wala maskini. Ni wenye makampuni kama James Taggart, rais wa kampuni ya reli, na Orren Boyle, mwenye kiwanda cha chuma kisichotimiza oda zake, ambao huneemeka kwa chakula cha jioni na wakubwa wa Washington. Wanapata sheria ya kumfungia mshindani njia, wanapata mgao wa malighafi, wanapata mkopo wa serikali. Yeyote aliyewahi kuona tenda ikitolewa kwa simu moja kutoka juu anawajua watu hao bila kufunguliwa kitabu. Rand aliwachukia zaidi kwa sababu walivaa joho la mfanyabiashara huku wakiishi kwa mtutu wa serikali.

Sasa tazama kilichofuata baada ya ule msumeno kunyanyuliwa. Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu dunia nzima, na huo ni mkono wa dola unaoamua raia anunue kwa nani na kwa bei gani. Agosti 2025 serikali hiyohiyo ilijitwalia karibu asilimia 10 ya hisa za Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta. Oktoba, Wizara ya Fedha ya Marekani ikaipa benki kuu ya Argentina mpango wa kubadilishana sarafu wenye thamani ya dola bilioni 20, ili sarafu ya rafiki mwenye msumeno isiporomoke kabla ya uchaguzi wa bunge. Musk naye ni mfanyabiashara ambaye kampuni yake ya roketi imekua kwa sehemu kubwa kwa mikataba ya serikali, na alipewa nafasi ya kushauri ni idara zipi zipunguzwe. Milei mwenyewe hujiita mfuasi wa ubepari usio na dola kabisa, msimamo ambao Rand aliupinga waziwazi mwaka 1963, akisema kwamba bila serikali moja yenye sheria moja kinachobaki ni magenge. Katika uhai wake alikataa kumuunga mkono Ronald Reagan, na aliwashutumu wapenda uhuru wa soko waliokopa hitimisho lake la kisiasa na kuacha msingi wa kimaadili uliolibeba.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Milei aliposimama kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos, Uswisi, Januari 2024 na kuwaambia wafanyabiashara kuwa wao ni mashujaa, sauti ya Rand ilisikika. Na kuhusu misaada ya nje, hakuna shaka angetaka ikome, kwa kuwa inatoka kwenye kodi, na kodi kwake ni fedha iliyochukuliwa kwa nguvu. Anayesema kuna mkopo wa mawazo hapo anasema kweli. Lakini kuchukua kipande kinachompunguzia maskini na kuacha kipande kinachomfungia tajiri mlango wa Ikulu ni kuzalisha kitu kingine kabisa. Kuna kisa kinachoonyesha tofauti hiyo vizuri. Machi 5, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuizuia amri ya jaji iliyoitaka serikali ilipe karibu dola bilioni 2 kwa kazi za misaada ambazo zilikuwa zimekwisha kufanyika. Watu walikuwa wamesafirisha dawa, wamelipa mishahara, wameleta ankara, na serikali ikafunga mfuko. Kwa kanuni ya thamani kwa thamani, kupokea kazi na kugoma kulipa ni wizi, na hakuna aya ya Rand inayoweza kuufunika.

Nimesema shutuma ya ukatili haimfikii, na ndugu yake ya karibu haimfikii pia, ile ya kwamba uzeeni alipokea mafao ya serikali aliyoyapinga maisha yake yote. Hii huletwa kwenye mijadala kama karata ya mwisho, lakini haina uzito. Alikatwa makato kwa lazima kwa miongo, na mwaka 1966, kabla hajafikia umri wa kupokea, alikwisha kuandika kwamba anayepinga mfumo ana haki ya kurudishiwa alichochukuliwa. Unaweza kuliona jibu hilo ni la kujifaa, lakini huwezi kuliita unafiki, maana alilitoa mapema na hadharani. Kuna ubaya wa kutegemea hoja za aina hii: zinampa mshabiki wa Rand ushindi rahisi, kisha anaamini hakuna swali jingine la kujibu.

Kabla ya kufika kwenye maswali magumu, nataka kueleza alichokiona vizuri, kwa sababu kwetu kina historia. Katika riwaya yake kuna kiwanda cha injini ambacho wafanyakazi 6,000 wanapiga kura kwamba kila mmoja afanye kazi kwa uwezo wake na alipwe kwa mahitaji yake. Habari hiyo inasimuliwa na mtu aliyekuwa mmoja wao, sasa amebaki mzururaji wa kwenye treni. Mwanzoni walishangilia. Baada ya muda ikabidi kila mtu asimame mbele ya mkutano kuthibitisha shida zake. Aliyeonekana hodari alipangiwa saa za ziada usiku, hivyo watu wakaanza kuficha uhodari. Mzee mmoja ambaye furaha yake pekee ilikuwa kununua santuri za muziki alinyimwa, ikasemwa ni anasa, na katika kikao hichohicho binti wa mtu mwingine akakubaliwa kuwekewa vyuma vya dhahabu vya kunyoosha meno. Baadaye, akiwa mlevi, mzee yule alimng'oa binti meno hayo kwa ngumi. Watu waliokuwa wakichangiana msibani kwa moyo sasa wanahesabu watoto wa jirani kwa chuki, kwa sababu kila mtoto mpya ni saa nyingine ya kazi kwao.

Wazee waliokuwa vijijini Tanzania miaka ya 1970 wanaijua nusu ya simulizi hilo. Shamba la kijiji lilipaliliwa kwa kuchelewa na shamba la nyumbani likapaliliwa alfajiri. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, alikiri kwamba nchi haikuwa ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Lakini ni vema tukumbuke Nyerere alianzia wapi. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa alitumia methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na aliandika kwa hasira juu ya mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Rand na Nyerere wasingekubaliana katika kikao chochote, lakini walimchukia mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba Nyerere alimwona mnyonyaji hasa katika mwenye ardhi asiyelima na mwenye hisa asiyefanya kazi, naye Rand alimwona katika mtu yeyote anayedai sehemu ya kile ambacho hakukizalisha. Kwa hiyo mtu anayesema falsafa ya kujitegemea na kuchukia unyonyaji ni bidhaa ya kizungu isiyo na mzizi kwetu hajasoma maandishi ya nyumbani.

Maswali magumu yanaanzia kwa Alan Greenspan. Huyu alikuwa katika kundi dogo la watu waliokutana nyumbani kwa Rand New York miaka ya 1950 kusoma miswada yake, na alipoapishwa mwaka 1974 kuongoza baraza la washauri wa uchumi wa rais, Rand alihudhuria. Tangu 1987 hadi 2006 aliongoza benki kuu ya Marekani. Oktoba 23, 2008, wakati mabenki yanaanguka, aliwaambia wabunge kwamba amegundua kasoro katika mtazamo wake: alidhani maslahi ya benki zenyewe yangetosha kuzifanya zilinde mitaji ya wenye hisa wake. Wafuasi wa Rand wanajibu kwamba benki kuu ni chombo cha serikali, kwamba ndiyo iliyoshusha riba hadi asilimia 1 mwaka 2003, na kwamba mashirika ya mikopo ya nyumba yaliyobebwa na serikali yaliongeza moto. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo jibu hilo linakwepa kile alichokikiri Greenspan, ambacho kilihusu watu: meneja aliyelipwa bonasi mwaka huu kwa mikopo itakayooza mwaka kesho, akiwa amekwisha kuondoka. Ukimwambia mfuasi kwamba meneja huyo alifuata maslahi yake, atakwambia hayakuwa maslahi ya kiakili. Kwa njia hiyo kila anayeanguka anafukuzwa kwenye kundi la wenye akili, na nadharia inabaki safi kwa sababu hakuna tukio linaloruhusiwa kuigusa.

Linalofuata ni la mwizi mwerevu. Chukua afisa manunuzi wa hospitali ya wilaya. Yamekuja maboksi 700 ya glovu, anasaini hati ya kupokelea maboksi 1,000, tofauti inagawanywa kati yake, mtunza stoo na mzabuni. Rand ana jibu, na si jibu jepesi: mtu huyo amejifanya mateka wa wajinga. Tangu siku hiyo usalama wake unategemea mkaguzi asisome vizuri, dereva asiropoke, mtunza stoo asikosane naye. Akili aliyopewa kuujua ukweli sasa inafanya kazi ya kuukimbia. Waliowahi kuishi karibu na mwizi wa ofisini wanajua woga huo. Lakini wanajua vilevile kuna wanaolala fofofo, wanaojenga, wanaosomesha, na wanaozikwa kwa heshima. Na hata kama wote wangekosa usingizi, kuna mtu ambaye hayumo kwenye hesabu hii: mkunga wa zamu ya usiku anayempokea mzazi mikono mitupu. Sababu ya kwanza ya kutoiba glovu ni yeye na mzazi yule. Falsafa inayofika kwao kwa kuzunguka kupitia afya ya nafsi ya mwizi imetoa jibu sahihi kwa sababu ambayo haitoshi.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Rand aliandika mwaka 1962 kwamba kati ya watu wenye akili hakuna mgongano wa maslahi, na mfano wake ulikuwa wa watu wawili wanaoomba kazi moja: anayekosa hajanyang'anywa, kwa kuwa kazi haikuwa yake. Kwa watu wazima wawili wenye vyeti mkononi, mfano huo unasimama. Tatizo ni kwamba kitabu chake kizima kimejaa watu wazima. Mashujaa wake karibu wote hawana watoto, hawana wazazi wagonjwa, hawazeeki mbele ya macho yetu. Mtu mwenye akili inayochagua anatokea jukwaani akiwa tayari. Katika maelezo yaliyowekwa mwishoni mwa *Atlas Shrugged* aliandika kwamba hakuna aliyemsaidia na hakuwahi kufikiri ni wajibu wa mtu yeyote kumsaidia. Lakini mwaka 1926 alipofika Marekani, alipokewa Chicago na ndugu wa upande wa mama yake. Ndio waliomwalika, wakamlaza na kumlisha kwa miezi kadhaa huku akijifunza Kiingereza kwenye majumba ya sinema, wakampa nauli na fedha za kuanzia maisha California. Bila mwaliko wao asingepata hata ruhusa ya kusafiri.

Hili lingekuwa umbea kama lisingegusa moyo wa nadharia. Mimi nimesoma sekondari nikiishi kwa mama mdogo Tanga, nikilala sebuleni kwake, na najua wasomaji wangu wengi wana mama mdogo wa namna hiyo. Msichana wa miaka 21 asiye na lugha ya nchi hana cha kubadilishana na mtu yeyote. Waliompokea Chicago hawakupata thamani kwa thamani siku ile, wala hawakuwa wamemchagua kwa sifa zake. Walimpokea kwa sababu alikuwa wao. Akili iliyokuja kuandika vitabu vile ililindwa na tendo ambalo vitabu hivyo haviwezi kulitaja jina. Mtetezi atasema walitenda kwa hiari, na Rand hakuwahi kukataa hiari. Sawa, lakini swali ni deni linalobaki kwa aliyepokelewa. Kama thamani hulipwa kwa thamani, na kama uhalisia haubembelezwi, basi chakula kilicholiwa mwaka 1926 ni ukweli kama ukweli mwingine wowote. Kanuni yake mwenyewe, ikisomwa bila kuanza kuhesabu siku mtu anapofikisha miaka 18, inazaa wajibu ambao yeye alikataa kuuandika.

Kwa kijana anayetumia jina lake kuzima simu, hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Ada ya mdogo wako si kujitoa mhanga kama unampenda na unataka awe mtu; hilo Rand mwenyewe angelikubali. Matibabu ya aliyekulea ni malipo ya kitu ulichopokea, na hilo linafuata kutoka kwenye kanuni yake hata kama hakulisema. Lakini binamu mwenye afya njema anayekuja kila mwisho wa mwezi kwa sababu tu amesikia umepandishwa cheo, na anayenuna ukimwonyesha kazi, huyo hana hati juu ya mshahara wako, na kumkatalia hakuhitaji kuombewa msamaha. Mstari kati ya hao watatu unahitaji kuchorwa kwa kufikiri, kwa kila kisa, na wahamasishaji wanaowachanganya wote kwenye kapu la watu wanaokurudisha nyuma wanamnyima kijana kazi ileile ambayo falsafa hii inaiita fadhila ya kwanza.

Na kwa serikali zetu kuna hesabu ngumu zaidi. Anayetaka kuitumia falsafa hii kutetea kufungwa kwa USAID ana kazi ya kueleza zile ankara za karibu dola bilioni 2, ushuru, hisa za Intel na mpango wa sarafu wa Argentina. Asipoweza, aseme anatetea nguvu ya mwenye nguvu, na tujadili hilo kwa jina lake. Ila ukweli kwamba walioufunga mfuko walikuwa wabaya wa ahadi hautufanyi sisi kuwa wazuri wa kujitegemea. Aprili 2001, pale Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao za mwaka kwa ajili ya afya, na nchi zilizo nyingi hazikufika hapo. Kwa zaidi ya miongo miwili tuliacha dawa ya mgonjwa wa Njombe au Kisumu itegemee kura ya walipa kodi wa mbali ambao hawatujui na hawakuwa na deni nasi, huku fedha zetu zikipata njia ya kufika kwenye magari na makongamano. Nyerere angeuliza jembe liko wapi, na Rand angeuliza swali hilohilo kwa lugha ya ukali zaidi. Mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanasoma bajeti zao kila Juni. Ukurasa wa kuufungua kwanza safari hii ni ule wa dawa za kufubaza virusi: kiasi gani kimetengwa kutoka kodi zetu wenyewe, na kiasi gani kimeandikwa kama fedha zinazosubiriwa kutoka nje.